Tuta la Rangi

Mimi sitangoja Everline Nasambu afe ndiyo nimsifu. Ni jirani yangu hapa mtaani Jericho, Nairobi, tunamwita Mama Norah. Miaka thelathini alishona magunia katika kiwanda kule Industrial Area, na mdomoni hana breki.

Shida yetu ni magari. Jogoo Road ikijaa, wenye haraka zao wanakatiza mbele ya milango yetu kana kwamba wanafukuzwa. Mwaka jana mmoja alimvunja mguu mjukuu wa Mama Norah, Mourine, mtoto akienda shule. Mpaka leo mtoto anachechemea. Mama Norah aliomba kokoto zilizobaki kanisani, tukachanganya na saruji, tukajenga tuta letu wenyewe. Lilikuwa na sura mbaya, limevimba upande mmoja kama shavu la mwenye jino bovu, lakini magari yalinyenyekea.

Kumbe tumevunja sheria! Wakaja wakubwa wa mradi wa kupunguza magari mitaani na milioni zao kumi na nane, wakiongozwa na bwana mmoja anaitwa Ondiek. Tukasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ala! Siku ya kwanza wakabomoa tuta letu, eti halina vipimo. Kisha wakaanza kupunguza magari: semina mbili hotelini, fulana za kijani, soda. Mwezi wa tatu wakaleta tuta lao. Lilikuwa limechorwa. Haki ya Mungu, rangi tupu! Ondiek akatueleza kwamba dereva akiliona kwa mbali atadhani limeinuka. Tukapiga makofi, maana soda tulikuwa tumeshakunywa.

Madereva walidanganyika siku mbili. Ya tatu wakalipita mbio kuliko zamani, na Jumatatu shule zilikuwa zinafunguliwa. Mourine angevuka hapo hapo na mguu wake ule. Mama Norah alimwendea Ondiek mara nne. Akaambiwa pesa za kujenga zimeisha, zilizobaki ni za kutathmini.

"Wanatathmini nini, mguu wa pili?" akaniuliza.

Sasa, hapa kwetu mtu akifa, hema la matanga linasimamishwa barabarani, na hata dereva awe na kiburi namna gani, hathubutu kupita katikati ya msiba. Anazima redio, anarudi alikotoka. Basi Jumatatu asubuhi na mapema, Mama Norah akatuita akina mama wa kanisa, tukasimamisha hema juu ya ile rangi, tukapanga viti vya plastiki, tukaanza nyimbo za maombolezo. Weee! Magari yakageuka yenyewe. Dereva mmoja alishuka, akainamisha kichwa, akaomba pamoja nasi. Watoto wakavuka polepole, Mourine akiwa katikati yao, na Mama Norah akawa anaimba huku machozi ya kweli yanamtoka.

Saa tatu Ondiek akafika mbio, maana wenye magari walikuwa wamempigia simu. Alipoona hema, akapunguza sauti.

"Poleni sana, mama. Marehemu ni nani?"

"Hajafa bado," Mama Norah akamjibu. "Ng'oa hema, jioni nitakutajia jina."