Herufi ya Saba

Mdogo wangu alipopata kazi ya ulinzi ng'ambo, alituma pesa nyumbani kwa njia ya kawaida miezi michache tu. Kisha akaniambia kwamba makato yanammaliza, na kwamba wenzake wote kambini wanatuma sarafu za mtandaoni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mvara, hapa Arua. Katika familia yetu mimi ndiye nilikuwa na simu nzuri, kwa hiyo kazi ikaniangukia. Yeye ananitumia mimi, nami natuma Koboko, wanakoishi wazazi wetu, kwa mama mmoja wa makamo tunayemwita Hajati, anayeuza vitenge na kubadilisha sarafu hizo kuwa shilingi. Baba anapita dukani kwake kuchukua noti.

Anwani ya Hajati ilikuwa mstari mmoja wa herufi na tarakimu arobaini na mbili, usiotamkika wala kukaririka. Sikuwahi kuisoma yote. Nilitazama mwanzo na mwisho basi, kama mtu anayemtambua jirani yake kwa kofia na viatu.

Siku ile baba alipiga simu watoto wakiwa mapumzikoni. Mama alikuwa na ngiri ya miaka mingi, akiirudisha ndani kwa mkono na kuendelea kulima. Asubuhi hiyo ilikuwa imegoma kurudi.

"Mama yako iko vibaya," baba alisema. "Tumbo imekuwa ngumu kama jiwe. Daktari anasema kupasua leo, lakini kwanza tulipe."

Pesa za mdogo wangu zilikuwa kwenye simu yangu tangu juzi. Nikamwambia baba aende kwa Hajati, akae palepale. Nikafungua orodha ya miamala ya nyuma, nikagusa anwani ya juu kabisa, nikaona mwanzo ule ule na mwisho ule ule. Nikatuma zote kwa mkupuo. Hajati alishanionya mara kadhaa nitangulize kidogo cha kujaribia, lakini nani ana nafasi ya kujaribu mama yake anapokufa?

Kengele ililia, nikaingia darasani. Nilipotoka, niliwapigia.

"Haijafika," Hajati alisema.

"Angalia tena, Hajati."

"Mwanangu, naangalia simu hii tangu baba yako aingie. Haijafika."

Nikamuuliza kama ana hakika, na najua alisikia nilichokuwa nikiwaza. Kwa dakika moja niliamini kwamba mwanamke huyu, aliyetuletea sukari tulipofiwa na bibi, amekula pesa za kumwokoa mama. Naona aibu kuandika hivi, lakini hofu ilinifikisha huko haraka sana.

Baba ndiye aliyechukua simu. Ujanani alikuwa jeshini, kazi yake kukaa na redio masikioni, na mpaka leo akiambiwa jambo la hatari sauti yake hushuka badala ya kupanda.

"Hajati amenipa ya kwake kwa karatasi," alisema. "Wewe soma ile ulituma. Pole pole."

Nikasoma. Kila herufi aliirudia kwa namna yake ya zamani: A ya askari, B ya bunduki, D ya damu. Nilitamani angetafuta neno lingine kwa hiyo D. Tulikwenda sawa hadi ya sita.

"F," nikasema. "F ya fimbo."

"Hapana. Hapa iko askari."

"Baba, ni F."

"Rudia."

Nikarudia. Nikasikia karatasi ikikunjwa.

"Umetuma kwa mutu mwingine," alisema.

Nikakaa chini barazani mbele ya wanafunzi. Baadaye mdogo wangu alinieleza ule utapeli. Mtu anatengeneza anwani yenye kichwa na mkia kama vya anwani unayoitumia, kisha anakurushia chembe ya pesa ili anwani yake ikae juu ya orodha yako. Halafu anasubiri. Hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa: kwamba mtu nisiyemjua, mahali nisipopajua, alitutazama sisi na Hajati tukitumiana kwa miezi, akatega, akaondoka zake kulala. Na hapakuwa na ofisi ya kukimbilia. Pesa zilionekana pale kwenye simu, zimekaa kwenye anwani ile, nami sikuweza kuzigusa.

Mwalimu mkuu aliniruhusu nikaenda Koboko. Njia nzima nilishika simu mkononi bila kuthubutu kupiga, maana nisipopiga mama bado yu hai. Nilipofika kwenye kliniki, nilitafuta pikipiki ya baba pale getini. Haikuwepo. Nikajua amekwenda kutafuta gari la kubebea maiti.

Kumbe alikuwa ameiuza. Aliiuza hapohapo getini kwa dereva wa boda, pamoja na kofia yake, kwa bei aliyotajiwa. Nilimkuta kwenye benchi, mikono magotini. Mama alikuwa ameshaingizwa ndani. Nilipiga magoti nikaanza kuomba msamaha.

"Kaa," alisema. "Tunangojea."

Jua lilikuwa limeshuka kwenye ukuta wa mbele daktari alipotoka na kusema wamekata kipande cha utumbo, lakini mama atapona. Baba aliinua mikono kuomba dua. Mama alipozinduka, alitaka kujua darasa langu nimemwachia nani.

Mdogo wangu nilimpigia kesho yake.

"Mama mzima?" aliuliza.

"Mzima."

"Basi, dada." Kisha nikamsikia akilia, na geti analolinda likifunguliwa na kufungwa.

Yeye ndiye aliyesema tutumie majina. Unalipia jina, linafungwa kwenye anwani yako, na anayekutumia anaandika jina hilo tu. Hajati akachukua la duka lake, neno moja fupi na nukta na kiambishi mwishoni. Nikafurahi. Nilidhani hofu imekwisha.

Mara ya kwanza kutuma, niliandika jina lile kwa vidole vyenye jasho. Chini yake ikatokea anwani, na alama ya kijani kwamba jina lipo. Nilikuwa karibu kubonyeza nilipoona nimeandika "i" moja mahali pa mbili. Jina lenye "i" moja lilikuwa na mwenyewe. Huenda ni mtu mwema tu wa mbali. Huenda ni yule yule.

Nikampigia Hajati.

"Nitajie jina lako, herufi moja moja."

"Mwanangu, jina la duka langu hulijui?"

"Nitajie tu, Hajati. Tafadhali."

Akataja. Nikaandika upya, nikatuma kipande kidogo mno, nikasubiri nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja.

"Imeingia," alisema. "Haya, tuma ingine."

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Nitajie tena."