Suruali ya pikipiki na sisi wembamba

"Dada, kula kwanza, ndio uje ununue suruali."

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa leo asubuhi sokoni Ukunda. Mbele ya watu!

Msemaji ni Hamisi, mwendesha bodaboda mwenzangu. Nilikuwa nimepata suruali ya mtumba ya pikipiki, ile nene yenye kinga za magoti. Nikaijaribu. Jamani, tungeingia wawili.

Nikajifunga leso kiunoni, ikashika. Nikapanda pikipiki, kinga zikageukia pembeni, magoti yakabaki hivi hivi.

Sasa nikianguka pale Kinondo, lami itaniuliza kama nimekula?

Nikainunua. Nikaenda moja kwa moja kwa Bi Saumu, anayenishonea madera.

"Simama wima nikupime."

"Mama, mimi sifanyi kazi nimesimama. Nipime nikiwa juu ya pikipiki."

Akaguna. Kisha akatoka na futi yake hadi barabarani, pini mdomoni, akaibana suruali nikiwa nimekaa, magoti nimeyakunja, usukani nimeushika. Watu wakajaa kutazama.

Sikushuka.

Jioni hii nimeivaa, dera juu yake. Kinga zimetulia juu ya magoti kama zimezaliwa hapo.

Wembamba wenzangu, nyinyi mwavaa nini barabarani?

Nauliza kwa sababu Hamisi, ambaye mkanda wake mwenyewe ameutoboa tundu jingine kwa msumari ndio umbane, amenivuta kando sasa hivi. Ameniuliza polepole fundi wangu ni nani.

Nimemwambia ale kwanza.