Sista Magoti, Mama wa Watoto Walioitwa Wavivu

Alizaliwa Jumapili moja ya mwaka 1934, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baiskeli ya baba yake. Alipotimiza miaka ishirini na miwili aliweka nadhiri za utawa, akasomea uuguzi, akapewa zahanati ya parokia. Huko watoto ndio waliompa jina la Sista Magoti, maana kila aliyelia kwamba miguu inamuuma alikalishwa mezani, akapapaswa magoti kwanza, maswali baadaye. Wengi walikuwa wamechoka kwa michezo, au mafua yamewaachia mwili kuuma. Hao aliwakanda, wakalala, wakaamka wazima.

Jaribu lake kubwa lilikuja na binti wa mshona viatu, mtoto wa miaka tisa. Asubuhi, kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, hakuweza kupiga magoti. Mchana akaonekana akiruka kamba. Katekista, mwalimu wao wa dini, akawaka: "Asubuhi bibi kizee, mchana swala! Huyu anaigiza. Hapokei Komunyo!" Mtoto alilia hadi kwikwi, na gauni jeupe la siku hiyo limeshashonwa.

Sista hakubishana. "Mwalimu," alisema, "baba yangu alikuwa akisema, baiskeli ikilia haichapwi, inakaguliwa. Twende kwao kesho kabla mtoto hajaamka."

Walimkuta mama akimwinua kitandani taratibu, kama mtu ashikaye yai. Magoti yamevimba, yana joto, hayakunjiki. Mpaka chai ilipoiva na kunywewa ndipo yalipoanza kulegea. Katekista alivua kofia. "Nisamehe, mwanangu."

Daktari wa hospitali kuu alieleza kuwa baridi yabisi haichagui wazee tu: kinga ya mwili wa mtoto hugeuka ikashambulia viungo vyake mwenyewe, navyo hukakamaa usingizini. Akamwanzishia dawa.

Siku ya Komunyo paroko alimruhusu apokee amesimama. Mwenzake mmoja, bila kutumwa, akanyanyuka naye. Kisha mwingine. Mara safu nzima ya watoto waliovaa meupe imesimama, na kanisa likalipuka vigelegele.

Sista alifariki mwaka 2003. Enzi za uhai wake, watu walipomsifu kwamba mikono yake inaponya, alikuwa akicheka: "Mikono inapasha joto tu. Mponyaji ni Mungu, na dawa mnywe!" Binti wa mshona viatu, mtu mzima sasa, alikuwa kati ya waliobeba jeneza lake, akipanda mlima wa makaburini kwa miguu yake imara, akiimba.

Nasi wazazi tumwige. Mtoto akisema, "Mama, panauma," tusikimbilie kusema anadeka. Tuketi, tushike goti. Likiwa limevimba, au akichechemea, au akiwa na homa, twende hospitali. Ikiwa ni uchovu wa kucheza, tumkande, tumbusu. Kwa vyovyote, alale akijua ameaminiwa.