Bibi Aliyenishikia Flashi

Mtu akikuambia kwamba haya nimeyatunga, mlete kwangu Kilole aniangalie jicho la kulia. Jicho zima, linapepesa kama la kwako, na daktari wa kwanza kulipima alisema halina ugonjwa wowote. Lakini halioni. Sikuzaliwa hivyo, sikupigwa, sikuugua. Lilizimika mchana mmoja kwenye mahame ya Handeni, na aliyelichukua nilimwamkia mwenyewe kwa heshima zote.

Nilikuwa mpiga picha. Studio yangu ilikuwa Korogwe mjini, si mbali na stesheni. Watu walikuja na suti za kuazima, wakakaa mbele ya pazia langu la maua, halafu siku ya kuchukua picha wananuna kwa sababu picha imewaonyesha walivyo. Mimi hasira zangu ziko karibu, na nyuso za watu zilikuwa zimenichosha. Kwa hiyo miaka ile watu walipokuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, bwana mmoja wa ofisi ya wilaya Handeni aliponiambia anataka picha za vyombo vya nyumbani vya zamani, vinu, vibuyu, mitungi, ziwe kumbukumbu ukutani, nilifurahi sana. Kinu hakipepesi macho. Mtungi hauulizi kwa nini umeutoa mnene.

Nikueleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hiyo hutanielewa. Chombo ukikipiga na flashi iliyokaa juu ya kamera, mwanga unakigonga usoni kinakuwa bapa, mtungi unatoka kama sahani. Lazima flashi uitoe kwenye kamera, uiweke pembeni. Mwanga ukija kwa ubavuni, upande mmoja unang'aa na wa pili unaingia kivuli, hapo mtungi unakuwa na tumbo lake na shingo yake. Flashi yangu ilikuwa kisahani cha kung'aa chenye mpini, kimeungwa na kamera kwa waya mrefu. Balbu za siku zile ziliwaka mara moja tu. Inalipuka, paa, unaitoa ingali ya moto, unaweka nyingine. Kamera unashika wewe, lakini flashi inataka mtu wa pili wa kuishika.

Kijiji kipya nilikifikia kwa baiskeli kutoka Handeni mjini. Mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Sehaba, alinipokea vizuri, akanipa uji, tukazunguka nyumba kwa nyumba. Lakini tulikuta bakuli za bati na ndoo za plastiki tu. Mzee akasema vyombo vya zamani vingi vilibaki kule walikohama, malori hayakuwa na nafasi. Yeye ilikuwa zamu yake shamba la kijiji, hakuweza kukwepa. Akanielekeza njia, akaahidi kunifuata jua likipinda. Nikaenda peke yangu, nikijiambia flashi nitaiegemeza kwenye jiwe.

Umewahi kuingia mahame? Nyumba zipo, vizingiti vipo, njia za miguu bado ni nyeupe, lakini hakuna hata kuku. Nyumba nyingi zilikuwa zimeanza kuanguka, fito zimetoka nje. Moja tu ilikuwa imesimama sawasawa, na mlango wake ulikuwa umefungwa kwa nje kwa kamba ya katani. Nikapiga hodi kwa mazoea, kama mtu yeyote aliyelelewa. Ndani sauti ya mwanamke mzee ikajibu, "Karibu, mwanangu."

Wewe ungefanya nini? Mlango umefungwa kwa nje, halafu mtu anakukaribisha akiwa ndani. Mimi nilijiambia pana mlango wa uani, nikafungua kamba nikaingia. Tuseme ukweli, akili yangu ilikuwa kwenye vyombo.

Na vyombo vilikuwapo. Nyumba haikuwa na dirisha, mchana ule ule ndani mlikuwa na giza la pango, ila mwanga wa mlangoni ulitosha kunionyesha. Vilipangwa sakafuni kando ya ukuta, safi kabisa: kinu, kibuyu, mtungi, chungu, na birika moja ya alumini iliyosuguliwa ikang'aa. Vyote vilikuwa vimefudikizwa, midomo chini, hata kinu. Nikadhani ni kwa ajili ya vumbi na mijusi. Mimi kwetu ni milimani, Lushoto, mila za Wazigua wa Handeni nilizijua za kusikia tu, na hiyo sikuwa nimeisikia. Tena picha ya mtungi uliofudikizwa ni picha ya nini? Nikavigeuza kimoja baada ya kingine, nikavisimamisha, nikavipangusa kwa kitambaa changu.

Nilipoinua birika, cha mwisho, ndipo nilipomwona amekaa kwenye kigoda pembeni, kaniki imemfunika mpaka kichwani. Naapa pale nilikuwa nimepatazama. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Nikamwomba radhi kwa kugusa vitu vyake, nikamweleza kazi iliyonileta. Hakukasirika hata kidogo. Alisema macho yake yaliisha zamani, ni miaka hajaviona vyombo vyake, anavijua kwa kupapasa. Aliposikia nahangaika na flashi isiyotaka kusimama, akanyoosha mkono.

"Lete nikushikie," alisema.

Nikamsimamisha upande wa kushoto, nikampa mpini, nikamwekea mkono ulipotakiwa kukaa. Mkono ulikuwa wa baridi kama udongo wa kisimani. Joto la Handeni unalijua? Nilishangaa, nikapuuza. Nikarudi kwenye kamera, jicho la kulia kwenye kitundu, la kushoto nimelifumba kama nifanyavyo siku zote, nikabonyeza.

Paa. "Kinu changu," akasema taratibu.

Nikaona huruma, nikidhani anakumbuka mpangilio. Nikabadilisha balbu, nikasogea kwenye kibuyu. Paa. Akasema kibuyu kimepasuka mdomo, nani amekipasua? Nikakitazama. Kweli kilikuwa na ufa mwembamba mdomoni, ambao mimi niliyekipangusa kwa mkono wangu sikuuona. Ngozi ya mgongo ikanisisimka. Lakini kazi ikishakolea mtu anakuwa mjinga, na mwanga ule ulikuwa unakaa vizuri mno, vizuri kuliko studio. Nikapiga mtungi, nikapiga chungu. Kila flashi ilipowaka bibi alitaja alichokiona, na kila alipokitaja sauti yake ilizidi kuchangamka. "Washa tena," alisema. "Washa tena, mwanangu."

Wakati huo mimi kitundu cha kamera kilikuwa kinaniwia kizito. Nikafuta kioo cha mbele, nikafuta cha nyuma. Wapi! Nilipofika kwenye birika ilikuwa kama natazama kupitia moshi wa kuni mbichi. Nikainua kichwa, nikafumbua jicho la kushoto, chumba kikawa kama nilivyokikuta, mlango mweupe kwa jua. Nikalifumba hilo nikafumbua la kulia peke yake. Moshi. Nikarudia. Moshi ule ule, na ulikuwa ndani ya jicho langu.

Niamini, hofu niliyokuwa nayo mpaka hapo ilikuwa bado ndogo. Kubwa ilikuja nilipotazama birika kwa la kushoto. Kila mpiga picha anaichukia birika, kwa sababu tumbo lake linaakisi chumba kizima, na usipojihadhari unajikuta umo ndani ya picha. Mle tumboni nilijiona mimi, mdogo, nimepinda. Niliuona mlango. Kushoto nilikiona kisahani cha flashi, kimesimama hewani, waya unaning'inia. Mtu wa kukishika hakuwapo.

Sikugeuka kumtazama. Nilijua kwamba kila balbu imempa yeye kitu na kunipunguzia mimi, na kwamba balbu nyingine nzima nimeshamwekea kwa mkono wangu. Nikajisemea sibonyezi. Nikaanza kurudi nyuma polepole kuelekea mlangoni, kamera nimeirudisha usoni kama ngao, la kushoto likichungulia pembeni yake, kidole nimekitoa. Waya ukakaza. Nikavuta kidogo, ukanivuta.

"Vyombo vyangu nimeviona," akasema. "Sasa nikuone wewe."

Ndani ya birika nikakiona kile kisahani kinageuka, taratibu, mpaka kikanielekea mimi. Sikubonyeza. Mungu ni shahidi yangu, sikubonyeza. Balbu ililipuka yenyewe na mwanga ukaniingia jicho la kulia mpaka kisogoni. La kushoto lilikuwa limejifumba lenyewe kisahani kiliponielekea, na mazoea hayo ya kazi ndiyo yaliyoniachia jicho moja. Nikakata waya kwa nguvu, nikakimbia na kamera shingoni. Nilimsikia nyuma yangu akisema, kwa upole kabisa, kama mama anayempokea mwanawe aliyekuwa safarini, "Kumbe ndivyo ulivyo."

Mzee Sehaba nilikutana naye njiani. Nilikuwa nalia, sioni haya kulisema. Alinikalisha chini, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: vyombo nilivikuta vimeelekea wapi. Nikamwambia chini. Akauliza kama niliviacha hivyo hivyo. Nikamwambia nilivisimamisha vyote, naye akashika kichwa.

Mwenye nyumba, alinieleza, alifariki wiki chache kabla ya watu kuhama, akiwa kipofu wa miaka mingi na hana mtoto. Ukoo wake una desturi. Mtu akifa vyombo vyake hufudikizwa mpaka arobaini, na siku hiyo mrithi ndiye anayevigeuza mbele ya ndugu. Akishavigeuza, kilicho cha marehemu ni chake, na mzigo wa marehemu ni wake pia. Malori yalikuja kabla ya arobaini. Watu wakaondoka, kila mmoja akisema mwenzake atarudi.

"Hakuna aliyevigeuza," Mzee Sehaba akasema. "Umevigeuza wewe. Sasa wewe ndiye mtoto wake, na mtoto ndiye macho ya mzazi."

Kesho yake wanaume wa kijiji walikwenda na sheikh, wakasoma dua, wakavigawa vyombo. Nami nilikwenda, Mkristo mimi, nikakaa mkekani nikaitikia amina. Flashi yangu tuliikuta juu ya kigoda, imewekwa kwa uangalifu. Jicho halikurudi. Mzee alisema dua humpumzisha marehemu, lakini alichokwisha kukabidhiwa hanyang'anywi.

Filamu niliisafisha Korogwe, nimefunga mlango wa chumba cha giza na mke wangu kasimama nje. Vyombo vilitoka vizuri ajabu. Bwana wa ofisi alipoziona picha aliniuliza nimejifunza wapi kuweka mwanga namna ile. Ya mwisho sikumpelekea. Ya mwisho nilikuwa mimi, nimesimama, kamera usoni, jicho la kushoto nimelifumba, nimepigwa kutoka pale alipokuwa amesimama yeye. Nieleze basi, wewe uliyesoma: kamera iliyo shingoni mwangu imenipigaje mimi? Nilichoma picha na filamu yake, na tangu hapo sijashika kazi ile. Studio ikawa duka la sukari na mafuta ya taa.

Miaka imepita. Sasa jicho la kushoto nalo limeingia ukungu. Ni uzee, mtoto wa jicho, wenzangu wengi wanao na wanasafishwa wanaona tena. Binti yangu alinipeleka hospitali kwa nguvu, anataka niwaone wajukuu. Daktari alikuwa kijana mwema. Aliniambia nitulie, akawasha kile kitochi chao, akaanza na jicho la kulia.

Likaona. Baada ya miaka yote hiyo, liliona. Liliona chumba kisicho na dirisha, ukuta wa udongo, sakafu iliyofagiwa. Na la kushoto, wakati huo huo, likazidi kuwa zito, binti yangu aliyesimama karibu yangu akawa kivuli. Sikioni nikasikia, "Washa tena, mwanangu."

Nilikipiga kile kitochi kikaanguka. Binti yangu aliona aibu, na mpaka leo tumekorofishana kwa hilo, anasema baba amechagua upofu kwa ukaidi. Sijachagua. Kusafishwa jicho kunataka nilale chini ya taa kubwa, na mimi najua taa ile itakuwa inamwashia nani. Kidogo kilichobaki ni changu, nakitumia kujua mlango uko wapi na mjukuu yupi mrefu kuliko mwenzake.

Kwa hiyo nakuomba, na sikuombi kwa mzaha. Ukiingia nyumba ya watu ukakuta vyombo vimefudikizwa, viache vilivyo, hata kama ni vizuri vipi, hata kama mwenyewe anakukaribisha kwa sauti tamu. Toka, ukamtafute aliye hai umuulize. Na ukija kunitembelea hapa Kilole, niite kwa jina, nishike mkono, nitakujua kwa sauti. Lakini hiyo simu yako yenye taa iache mfukoni. Usinimulike.