Dada Hakutaka Tulale Garini

Mwaka wa pili tangu mimi na mume wangu tuhamie ndani ya karavani, tulikwenda Ibra, huku huku Omani, kukaa na dada yangu wiki mbili. Tulikaa siku tano. Nazieleza siku hizo kwa sababu jamaa zetu wameshasikia upande mmoja, na upande wangu hakuna aliyeuliza.

Karavani yetu ni gari jeupe, refu, lenye kitanda nyuma, jiko la gesi, na choo ambacho sharti mtu akakimwage mwenyewe. Mume wangu alipostaafu, na mimi nikaacha kufundisha, watoto walikuwa wameshakwenda kwao, na nyumba yetu ya Maskati ilikuwa na vyumba sita na watu wawili. Tukaikodisha. Kwa miaka thelathini ndugu zetu tulikuwa tukiwaona kwenye maziko na harusi tu: tunasalimiana, tunakula, tunaondoka. Nikasema sasa nitakwenda nikae na kila mmoja mpaka mazungumzo yaishe yenyewe.

Kusema ni rahisi. Kule Samail, binamu yangu alikuwa akitoka alfajiri kwenda kazini Maskati na kurudi magharibi, hoi. Kule Nizwa, shoga yangu niliyesoma naye alikuwa na wajukuu wanne wa kuwapeleka skuli na kuwarejesha, basi tukawa tunakaa Tanuf, karibu na hapo, siku tatu, mara siku saba, tukisubiri apate saa moja ya kunywa chai. Kiyoyozi kikizima, ndani mnakuwa kama mkate wa mofa tanurini. Watu hudhani anayeishi barabarani yuko huru. Mimi nilichokiona ni kwamba kazi yake kubwa ni kungoja wenzake.

Kwa hiyo Ibra niliitegemea. Dada yangu ni mkubwa wangu kwa miaka kumi, mjane, anakaa na mwanawe, na hana pa kukimbilia. Nilimpigia simu mapema nikamwambia asihangaike, tutalala kwenye karavani. Akasema, "Inshallah." Dada yangu ana inshallah ya ndiyo na inshallah ya hapana, na mimi niliijua ile ilikuwa ipi.

Lango lake lilikuwa jembamba. Mume wangu alijaribu kuingia kinyumenyume, kioo cha pembeni kikagonga ukuta kikapasuka. Ikabidi tuegeshe kwenye uwanja wa mbele, karibu na msikiti, kila anayekwenda kusali atuone. Dada alikuwa amesimama langoni, kanga kichwani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mizigo iko wapi?"

Nikamwambia imo garini, na itabaki humo. Alinishika mkono akanipeleka kwenye chumba cha uani. Kilikuwa kimepakwa rangi juzi. Godoro jipya, mapazia mapya, miswala miwili, na msumari wa mume wangu kutundikia kilemba. Mume wangu, kwa adabu, akasema mgongo wake umezoea godoro lake. Dada akamtuma mwanawe kwenye karavani akalichukue godoro hilo. Usiku huo tulilala chumbani, na usiku wa pili, na wa tatu. Mume wangu hakulalamika. Alisema, "Kuna ubaya gani? Chumba kizuri." Hilo nalo liliniudhi.

Siku ya pili wakaanza kuja majirani wanawake na masinia: wali na kuku, harisi, tende. Nilidhani ni ukarimu wa kawaida mpaka mmoja aliponibana mkono akasema taratibu kwamba Mungu akifunga mlango hufungua mwingine, na kwamba hata jamaa yake alipoteza nyumba na sasa anayo nzuri zaidi. Ndipo nilipojua kwamba mtoto wa dada ameandika kwenye kundi la familia kwenye simu, akiomba dua kwa ajili yetu kwa kuwa hatuna pa kukaa. Nilieleza kwamba nyumba yetu ipo, imekodishwa, na maisha haya tumeyachagua wenyewe. Kila nikieleza, wakazidi kunihurumia. "Alhamdulillahi kwa kila hali," wakaniambia, na kunipakulia tena.

Siku ya tatu nayo ikapita hivyo, ukumbi umejaa wageni, na dada yangu sijazungumza naye hata neno moja la maana.

Siku ya nne nilimfuata jikoni. Alikuwa akikaanga maandazi. Nikamwambia, "Dada, umeniaibisha."

Hakugeuka. Aligeuza andazi kwanza.

"Wewe ulikuwa mchanga," alisema, "mgongoni kwa mama. Mie nilikuwa na miaka kumi. Tulipotoka Unguja wakati wa mapinduzi tumelala miezi kwenye godoro moja baina ya mizigo, kwenye nyumba za watu. Kila asubuhi mama akinambia nikunje godoro upesi, wenye nyumba wasije wakatuona. Nikaapa nikipata nyumba yangu, hapana mtu wangu atakayelala nje yake. Sasa wewe unahama kwa raha zako, unataka nifurahi."

Alikuwa hajapata kuniambia hayo maisha yangu yote. Nilikaa kwenye kibao nikamuuliza: nyumba za nani? Mji gani? Mama alikuwa analia? Akasema mafuta yanaungua. Hayakuwa yanaungua. Nilimuuliza tena, akanipa sinia nipeleke ukumbini.

Jioni nilimwomba aje anywe chai kwenye karavani, mara moja tu, aone mwenyewe. Alikuja. Aliweka mguu mmoja kwenye ngazi, akashika mlango, akatazama kitanda kisicho na godoro, jiko, na nguo zangu zilizokunjwa.

"Safi," akasema.

"Ingia, dada."

"Nimeshaona."

Akashuka, akarudi kwake. Chai niliinywa peke yangu, na asubuhi yake nikamwambia mume wangu tunaondoka. Alininung'unikia mpaka tukavuka mji. Wakati wa kuagana nilimbusu dada mkono kwa ukavu, na aliposema chumba kitabaki kama kilivyo nikapanda garini.

Sasa tuko Sur, kwenye kiwanja nyuma ya nyumba ya mwalimu mwenzangu wa zamani, ambaye ana wageni wake na anatuona kwa nadra. Dada ananipigia simu kila siku baada ya alasiri, na swali lake ni hilo hilo.

"Jana mmelala wapi?"

"Ndani, kwa rafiki yangu," namwambia. Ni uongo, na nina zaidi ya miaka sitini.

"Chumba kina dirisha?"

"Kina."

"Haya."

Halafu anakata, kabla sijapata nafasi ya kumuuliza chochote mimi.