Mfunga plasta asiyeridhika na mkono kupona

Saa mbili asubuhi, na maji ya uvuguvugu kwenye ndoo ya kwanza yameshageuka meupe. Mwanamke aliyevaa aproni ya mpira anachovya bandeji ya plasta, anasubiri mapovu yaishe, anaikamua kidogo, kisha anaizungusha kwenye mkono wa bibi mmoja aliyekaa kwenye stuli, uso ameugeuzia ukutani. Hana haraka, lakini hapotezi muda pia. Plasta ikishaanza kushika haimsubiri mtu.

"Ulianguka kutoka wapi, mama?" anauliza huku akilainisha kingo kwa kiganja.

Bibi anajibu kwamba hakuanguka kutoka popote. Alikuwa amesimama jikoni, akageuka kuchukua sufuria, mguu ukateleza, basi.

Hiyo "basi" ndiyo anayoitafuta mfunga plasta. Anangoja mpaka plasta ishike, anatoa kalamu nene ya buluu mfukoni na kuandika juu yake kwa herufi kubwa: MASHINE.

Bibi anataka kujua kama hilo ni jina la dawa. Anaelezwa taratibu kwamba mwisho wa korido, mlango wa kijani, kuna mashine ya kupima uimara wa mifupa. Analala kitandani, mkono wa mashine unapita juu yake, hachomwi wala hakatwi, na kabla hajamaliza kuwaza chakula cha mchana anaambiwa ashuke. Mfupa mzima hauvunjiki kwa sababu ya sufuria. Ukivunjika hivyo, umedhoofika, na kinachofuata huwa si mkono tena, ni nyonga.

Wenzake wa hospitali wanamwita Chokaa. Ukimwona huulizi kwa nini. Nyusi zake, viatu vyake na mara nyingine kikombe chake cha chai vina unga mweupe. Ana miaka hamsini na sita, na zaidi ya ishirini na tano kati ya hiyo ameimalizia katika chumba hiki chenye sinki moja, kitanda kimoja cha wagonjwa na dirisha linalotazama sehemu ya kuanikia mashuka. Mshahara wa mfunga plasta haujawahi kumtajirisha mtu, lakini wake umesomesha watoto watatu, na anausema vibaya kila mwisho wa mwezi bila kuacha kuja kazini.

Kuandika juu ya plasta ni ubishi wake mwenyewe. Zamani daktari alikuwa anamwandikia mgonjwa karatasi ya kwenda kwenye kipimo, na karatasi inaishia kwenye mkoba, chini ya godoro, au mikononi mwa mjukuu anayejifunza kukunja ndege.

"Karatasi unaweza kuisahau," anasema Chokaa. "Mkono utausahau wapi? Unalala nao, unaoga nao, unakula nao. Na kila anayekuja kukujulia hali anasoma."

Wapo waliochukia kuandikwa kama magunia, na wapo ambao wajukuu wao wamelizungushia neno hilo maua ya kila rangi. Mara moja alirudi mzee mmoja ambaye mkewe alikuwa ameongeza kwa kalamu nyingine, chini ya neno la Chokaa, "NENDA." Alikwenda.

Ubishi huu una chanzo chake, na Chokaa hakifichi.

Mama yake mzazi alijikwaa kwenye zulia la mlangoni akavunjika kifundo cha mkono. Chokaa, wakati huo bado mwanafunzi wa kazi, ndiye aliyemfunga, mwalimu wake akiwa amesimama nyuma. Mkono ulipona ukanyooka, na mama akawa anauonyesha kwa majirani kana kwamba ameushona yeye. Miaka hiyo hospitali haikuwa na mashine, wala hakuna aliyeuliza kwa nini zulia liliweza kumvunja mtu mfupa. Kabla ya miaka miwili kwisha, mama aliinuka kwenye kiti, akayumba, akaketi chini. Nyonga ikavunjika.

Hakutembea tena. Chokaa na dada yake mkubwa walimgeuza kwa zamu kitandani kwa miezi mingi, na mwishowe vidonda vya mgongoni ndivyo vilivyommaliza. Alikuwa na miaka sitini na minane.

"Sisi tuliushughulikia mkono tu," anasema. "Mwenye mkono tukamwacha aende zake."

Dada mkubwa ndiye aliyebaki kwenye nyumba ya wazazi. Kabla ya kufariki, mama alimkabidhi funguo zote: mlango wa mbele, wa uani, kabati, sanduku la nguo, na nyingine ambazo makufuli yake yalishatupwa zamani. Dada alizifunga kwenye pindo la kanga, akazifutika kibindoni, na tangu siku hiyo hazijapata kulala mezani. Watoto wa familia wanamwita Bi Funguo, ila si mbele yake.

Miaka mitatu iliyopita Bi Funguo aliteleza kwenye maji ya sabuni akisugua uani. Akaletwa hapa hapa, ameshikilia mkono, amekasirika kuliko alivyoumia. Chokaa alimkalisha kwenye stuli na kumuuliza swali analowauliza wote.

"Nimeanguka kutoka mbinguni," dada akamjibu. "Funga mkono, wewe mtoto, maswali yatakuja baadaye."

Chokaa akafunga. Akaandika. Na hapo vita vikaanza, maana Bi Funguo alisema hajatunza nyumba miaka yote hiyo ili mdogo wake aje amwandike hadharani. Akaifunika plasta kwa kitambaa cha kichwa. Kila Chokaa alipopiga simu kuulizia habari ya kipimo, simu ilikuwa na kelele, au chungu kilikuwa jikoni, au mgeni alikuwa mlangoni. Alipobanwa sana alitoa sababu yake ya kweli: hospitali ndiyo inayowapa watu magonjwa. Mama naye alikuwa mzima mpaka walipoanza kumpeleka kwa madaktari.

Chokaa hakubishana naye. Alingoja siku ya kufungua plasta. Dada alipofika, akamwambia kwa uso mkavu kabisa kwamba msumeno wa kukatia bado unapata chaji, na badala ya kukaa bure kwenye benchi, apitie mlango wa kijani mara moja.

"Ulikuwa na chaji tele," anakiri, akicheka mpaka anajifuta macho kwa mkono wenye unga. "Ungekata hata mlango."

Majibu yalikuwa mazuri. Uti wa mgongo wa Bi Funguo, kwa mujibu wa mashine, ulikuwa imara kupita kiasi. Alirudi koridoni ametunisha kifua, akawatangazia waliokuwa kwenye foleni kwamba yeye ana mifupa ya chuma, na kwamba mdogo wake anayewaandika watu amesoma bure. Chokaa alimfungua plasta. Anasema alifurahi na hakufurahi. Mama yao naye alikuwa anasugua sakafu na kubeba maji mpaka siku aliyoanguka.

Aliyeshtuka ni daktari wa mifupa, mwanamke wa makamo ambaye husoma kila jibu mwenyewe. Mgongo ulisoma kama wa binti, nyonga ikasoma kama ya mtu aliyechoka sana. Mtu mmoja hawezi kupishana hivyo na nafsi yake. Akamwita mpimaji wakafungua picha upya, na pale kwenye kiuno, sambamba na mfupa, wakaona doa jeupe lisilo la binadamu.

Mpimaji, kijana mtaratibu anayemwita Chokaa "mama," alikuna kichwa. Alikuwa amempa gauni la hospitali. Alikuwa amemuuliza kama ana mkanda, vito, simu au sarafu, na mama mkubwa akajibu hana, tena kwa heshima. Wakati wa chai akamuuliza Chokaa ni kitu gani dada yake anaweza kuwa alikuwa nacho.

Chokaa aliweka kikombe chini akacheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Dada hakudanganya. Hakuna aliyemuuliza habari ya funguo. Alikuwa amevua kila kitu kama alivyoagizwa, akabaki na kile kipande cha kanga chenye funguo chini ya gauni, kwa sababu kukivua hakukumpitia akilini hata mara moja. Chuma kilichosomwa na mashine kilikuwa funguo za marehemu mama.

Kisha kicheko kikamkauka. Ili kipimo kirudiwe, dada angelazimika kuzitoa zile funguo na kuziweka mahali, na hilo lilikuwa halijatokea tangu siku ya msiba.

Bi Funguo alirudi wiki iliyofuata, si kwa sababu ya kuamini, bali kwa sababu aliambiwa picha yake imeharibika na hapendi kitu kilichoharibika. Mpimaji alimweleza, akatoka nje. Walibaki wawili, yeye na Chokaa. Dada alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mashine, akafungua fundo taratibu, funguo akazishika kwenye kiganja muda mrefu.

"Nani atazishika?" akauliza.

Chokaa akanyoosha mkono. Dada akautazama ule mkono, unga kwenye kucha na yote, kana kwamba anaukagua.

"Usizitie plasta," akasema, akampa.

Chokaa anasema hajawahi kubeba kitu kizito kama zile funguo. Mpimaji aliporudi, yeye alisimama nyuma ya kioo, amezikumbatia kwa mikono miwili, na mashine ikapita juu ya dada yake kimya. Safari hii hakukuwa na doa. Mgongo na nyonga vilisema lugha moja, na haikuwa nzuri: mifupa ilikuwa imedhoofika sana.

Daktari alimweleza bila kumtisha. Bi Funguo alisikiliza, akamgeukia mdogo wake.

"Kama ya mama?"

"Kama ya mama," Chokaa akamjibu. "Lakini mama hakupimwa."

Dada alichukua funguo zake, akazifunga, na walipofika nje ya mlango wa kijani akauliza dawa zinachukuliwa dirisha gani. Ndipo Chokaa akalia, na haoni aibu kusema kwamba alilia.

Dawa yenyewe ina masharti. Ni kidonge kimoja kwa wiki, asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji mengi, kisha mtu akae wima nusu saa bila kula wala kujilaza. Mgonjwa mwingine angeona adhabu. Bi Funguo aliona nafasi. Nusu saa hiyo anaitumia kuzunguka nyumba nzima akiwaamsha watu na kuwasomea makosa yao ya wiki nzima. Wajukuu wanaijua siku ya kidonge kuliko siku ya shule. Zulia la mlangoni limetolewa, taa imewekwa njia ya kwenda chooni, na kando ya ngazi ya uani kuna bomba la kushikilia ambalo fundi alilirudia mara tatu kwa sababu mwenye nyumba hakuridhika.

Hospitalini nako mambo hayakubaki yalivyo. Mpimaji sasa ana swali moja zaidi, na analiuliza kwa sauti: una chochote kibindoni? Wazee wa kiume hucheka, halafu wanapapasa viuno vyao hata hivyo. Daktari ameagiza kwamba yeyote aliyetimiza miaka hamsini, akivunjika mfupa kwa kuanguka akiwa amesimama tu, apimwe kabla plasta haijafunguliwa. Anasema kazi ya Chokaa ilimwonyesha mahali pa kuwakamatia watu.

"Kliniki wanaikimbia," anasema daktari. "Chumba cha plasta hawawezi kukikimbia. Lazima warudi kufunguliwa."

Chokaa ana miaka minne kabla ya kustaafu, na ameshaipangia kazi. Anawafundisha wafunga plasta wawili, na hamruhusu yeyote kati yao kuchovya bandeji kabla hajajifunza kuuliza swali. Ameomba, na amekubaliwa, kwenda kwenye zahanati za pembeni ambako mikono hufungwa na wenye mikono huachwa waende. Anataka pia awepo mtu wa kuwapigia simu waliopewa dawa, kwa sababu wengi huacha wakiona hawaumwi. Hilo bado hajalipata. Analidai kila kikao, na anasema watalitoa ili wapumzike.

Mwezi uliopita simu yake ililia akiwa katikati ya kufunga mguu. Ilikuwa namba ya dada. Aliifungulia spika kwa kiwiko, mikono yake ikiwa imejaa plasta.

"Nimeanguka," dada alisema.

Chokaa anasema hakusikia kitu kingine kwa muda. Mgonjwa wake ndiye aliyemshika bega. Sauti ya simu ilikuwa bado inaendelea, inalalamika: paka alimpita miguuni, akaangukia ubavu pale pale uani, akainuka, akajikung'uta, na sasa anataka kujua ni nani aliyemruhusu huyo paka kuzaa ndani ya nyumba.

Alipimwa siku hiyo hiyo, kwa lazima. Alikuwa na alama ya buluu kwenye paja tu. Daktari alimwonya Chokaa kwamba kuanguka mara moja bila kuvunjika hakuthibitishi kila kitu, na kwamba dawa na kipimo viendelee. Chokaa anakubali. Anaijua kazi hii, hahitaji kudanganywa.

"Lakini dada yangu sasa ana miaka sitini na minane," anasema, akimwaga maji meupe kwenye sinki na kufungulia mengine. "Umri huu mama alikuwa kitandani, mimi namgeuza. Dada yuko uani, ananigombeza. Na mimi nataka anigombeze mpaka nizeeke."