Radari Iliyokataa Nikiwa Karibu

Mjukuu wangu wa mwisho anatengeneza simu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, kwenye meza karibu na njia ya sokoni. Ni mwanamke mzima, si mtoto. Mama yake alikufa tukiwa bado kwetu Fizi, Kongo, nikamlea mimi, na nyumbani tumebaki mimi na yeye. Nayasema haya mwanzo ili anayesoma ajue kwamba siku ile ya Chilinde sikufuata mambo ya watu. Nilimfuata mtu wangu.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Lilongwe aliyetengenezesha boti ya chuma kwenye karakana ya kuchomelea, kule Chilinde. Boti katikati ya mji, imekaa juu ya magogo, na ziwa liko mbali huko Salima. Boti ilipokaribia kwisha akanunua radari. Radari ni kitu cheupe cha mviringo, kama sufuria mbili zilizokutanishwa midomo. Inafungwa juu ya paa la boti. Inatupa mawimbi, mawimbi yakigonga kitu yanarudi, na kwenye kompyuta unaona alama: huku kuna boti, huku kuna mwamba, hata kama ni giza, hata kama mvua imefunga macho. Mjukuu wangu alinieleza nikiwa nachambua maharage. Alieleza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilimwambia anadanganya.

Waya wa ile radari ulikuwa wa umeme tu, wa kutoka kwenye betri. Picha yenyewe ilipita hewani. Radari inatoa waifai yake, kompyuta inaidaka, basi. Lakini mafundi wa mjini walijaribu wakashindwa. Mtu fulani aliyewahi kutengenezewa simu akamwambia bwana: kule kambini kuna binti Mkongomani, mpe. Bwana akaleta kompyuta ya boti mpaka Dzaleka, akamwachia mjukuu wangu aweke programu ya ramani ya ziwa. Ikakaa nyumbani kwetu, juu ya sanduku langu la nguo, ikila mega zangu.

Hapo lazima nieleze habari ya mega. Nyumba zetu zinazopakana tunachanga, tunanunua mega nyingi, yaani intaneti ya simu, kwa pamoja maana hivyo ni rahisi, na tunaziweka kwenye simu ya mkubwa wa ua. Mkubwa ndiye mimi. Wanasema mkubwa haangalii sinema, kwa hiyo hatazimaliza. Simu yangu imefunguliwa asubuhi mpaka jioni na simu za wengine zote zinakula kwake kupitia ukutani. Mjukuu wangu ndiye aliyeipanga hivyo. Mimi kazi yangu ni kuichaji na kutoiangusha. Haizimwi.

Siku ya kwenda Lilongwe nilipoiweka kwenye kikapu, jirani yangu, mama mmoja wa Kindu, alisimama mlangoni na mikono kiunoni, akaniita Koko, yaani bibi, na kunidai rezo, yaani mtandao.

"Koko, unaenda na rezo yetu?"

"Ninaenda na telefone yangu."

"Na siye tutabakia namna gani?"

"Mutaongea na bantu kwa kinywa, kama zamani."

Akacheka, lakini alikasirika, nilimwona.

Bwana alikuwa amesema hivi: mashine ikishika, mjukuu wangu anaondoka na boti siku ileile, akae ziwani kuiangalia, na mambo ya ruhusa ya kuishi nje ya kambi atayashughulikia yeye bwana. Isiposhika, lori linabeba boti na atatafuta mtu mwingine. Mjukuu wangu alikuwa ameshafunga begi. Hakuniambia. Niliona kitenge chake kizuri hakipo kwenye kamba.

Mume wangu alikufa ziwani Tanganyika. Boti mbili zilikutana ndani ya mvua, hakuna aliyemwona mwenzake. Wale waliotoka hai walisema walisikia mashine ya ile nyingine ikivuma na hawakujua iko upande gani. Kwa hiyo siku ile nilipanda minibasi nikiwa na maombi mawili, na maombi yenyewe hayakuweza kukaa kinywa kimoja. Nilimwomba Mungu mashine ione, ili watu wa ile boti wasife kama mzee wangu. Na nilimwomba isione, ili mtoto wangu arudi nyumbani na mimi. Mtu akiomba hivyo Mungu afanye nini?

Karakana ilikuwa imezungushiwa ukuta wa matofali, na tangi la maji juu ya nguzo za chuma. Ndani ya boti tulimkuta nahodha, mzee wa kaskazini ya ziwa aliyewahi kukaa Mbamba Bay, Tanzania, kwa hiyo Kiswahili anakijua. Nikapandishwa ngazi kwa shida, nikakalishwa kwenye benchi ndani ya kibanda cha nahodha, kikapu mapajani.

"Koko, kaa pale," mjukuu akaniambia. "Usiguse kitu."

"Nimegusa nini mimi?"

"Ninasema tu."

Akafungua kompyuta, akawasha betri. Juu ya paa tukasikia kitu kinazunguka taratibu ndani ya ile sufuria. Kwenye kompyuta ukaja mstari wa kijani, ukazunguka kidogo, ukafa. Akaanza tena. Mstari ukaja, ukafa. Akapanda paani akakaza waya wa umeme, akashuka, akabadilisha betri, akaita mchomeleaji amshikie taa. Ukaja, ukafa. Jasho lilikuwa linamtoka puani kama mama yake. Sikuwa na la kumsaidia. Mimi najua kulima, najua kuzalisha, najua kukalia watu wakorofi mpaka watulie. Kile kitu nilikiangalia kama ng'ombe anavyoangalia msikiti.

Bwana akaja, akatazama saa yake, akasema maneno ya Kichewa, akatoka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema lori iko njiani," nahodha akajibu.

Nikaona mjukuu ananitupia jicho kila mstari ukifa, nikasema nitoke, labda macho yangu yanamlemea. Nikashuka na kikapu changu, nikatoka nje ya geti, nikavuka barabara kununua karanga. Nilikuwa bado nachagua fungu nikasikia kelele kutoka ndani.

"Imeshika! Koko, kuya uone! Imeshika!"

Nikarudi mbio, kadiri magoti yanavyoniruhusu. Nikapanda ngazi. Nikakaa. Mstari ukafa.

Mjukuu wangu aliweka viganja vyake usoni tu.

Akaanza upya. Baadaye haja ndogo ikanibana, nikashuka, nikaenda choo cha nyuma ya ukuta, mbali kule. Nikasikia tena wanashangilia. Niliporudi na kukaa, kimya.

Nahodha akacheka. Alikuwa mtu wa utani, simlaumu.

"Agogo," akaniita, hivyo ndivyo wanavyomwita bibi huku, "wewe ukija mashine inalala, ukiondoka inaamka. Una dawa gani humo kwenye kikapu?"

Wachomeleaji waliokuwa chini wakacheka naye. Mmoja aliacha kucheka, akasogea hatua nyuma, akanitazama miguu. Neno lile la dawa huku si la mchezo, maana yake uchawi. Mwanamke mzee akishatajwa hivyo mbele ya watu, haijalishi kama aliyelitaja alikuwa anatania. Niliogopa, lakini sikukubali wanione.

"Dawa niliyo nayo ni ya mgongo," nikamwambia. "Unataka? Naona na wewe umepinda."

Wakacheka zaidi, safari hii wakimcheka yeye. Mjukuu wangu peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia kikapu changu.

"Koko. Telefone iko wapi?"

"Iko humu. Juu ya nini unauliza?"

"Na mega iko wazi?"

"Iko wazi siku zote. We mwenyewe njo unaifunguaka kila asubuhi."

Akakaa chini sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu. Akanieleza, na nahodha akasikiliza. Ile kompyuta ilikaa nyumbani kwetu, ikazoea kula mega zangu. Sasa inaingia kwenye waifai ya radari, inakuta hakuna intaneti, ni picha tu. Inaona kama imekaribishwa kwenye nyumba isiyo na chakula. Mimi nikisogea na simu yangu, inainuka mezani bila kuaga, inakimbilia kwangu. Ndiyo maana picha inakufa. Programu, betri, waya wa umeme, vyote vilikuwa vizima tangu asubuhi.

"Kumbe ni njaa," nahodha akasema. "Agogo, nisamehe. Nilidhani uchawi, kumbe ni mapishi."

"Uwe unafikiri kabla ya kudhani," nikamwambia.

Mjukuu akanyoosha mkono. "Leta niizime, Koko."

Sikuitoa. Niliishika ndani ya kikapu, chini ya kanga, ikiwa na joto lake. Nilijua kabisa kinachofuata. Nikauliza, "Ikizimwa, mashine itaona?"

"Itaona."

"Na we utaenda?"

Hakujibu. Akaangalia paa. Kwetu mtoto asipojibu amejibu.

Ningeweza kukataa. Ningesema simu ni ya ua mzima, haizimwi, na nikae pale kwenye benchi mpaka lori lichoke. Niliwaza hivyo, siwezi kusema sikuwaza. Halafu nikawaza zile boti mbili ndani ya mvua. Nikaitoa simu, nikabonyeza kile kitufe cha pembeni mwenyewe, nikakishikilia mpaka kioo kikawa cheusi.

Mstari ukaja. Ukazunguka, na safari hii haukufa. Alama zikaanza kutokea polepole: ukuta, tangi la maji, na baadaye kitu kirefu kinaingia getini. Tukainua vichwa. Lilikuwa lori.

Wakati wanafunga minyororo, mjukuu wangu alirudi kwenye kompyuta akabonyezabonyeza.

"Unafanya nini tena?"

"Ninaiambia isahau telefone yako, Koko. Isikuye kuitafuta tena."

Nikairudisha simu chini ya kanga.

Boti ikapandishwa kwa winchi, watu wanapiga kelele, kila mtu anamwamuru mwenzake. Mjukuu wangu akapanda mbele, kati ya dereva na nahodha, begi magotini. Dereva alikuwa anapiga honi. "Nitakupigia nikifika!" akaniambia kupitia dirishani. Nikaitikia kwa kichwa. Sote wawili tulisahau kitu kimoja.

Nilifika Dzaleka jua likiwa bado lipo. Watu wa ua walikuwa wamekaa nje na simu zao mikononi kama watu waliokosa chumvi.

"Koko, zikomo, asante, umerudisha rezo!"

Nikatoa simu, nikabonyeza kitufe. Ikawaka, ikaimba wimbo wake, halafu ikauliza namba. Namba za siri za kadi ya simu. Mjukuu wangu aliifunga hivyo kwa ajili ya wezi, na kwa kuwa ilikuwa haizimwi, mimi sikuwahi kuulizwa. Namba zilikuwa kichwani mwake, na kichwa chake kilikuwa barabara ya Salima.

"Jaribu ya kuzaliwa kwako," mtu mmoja akasema.

"Nani aliniandika mimi siku niliyozaliwa?"

Wakajaribu moja, ikakataa. Wakajaribu nyingine. Mama wa Kindu akainyakua. "Basi! Ikikosea tena inajifunga kabisa." Akachukua simu yake mwenyewe akampigia mjukuu. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Nikala nsima, ugali wa huku, ile jioni sikuijua ladha yake. Niliweka ile simu mbele yangu mezani, inauliza namba, inazimika kioo, naigusa, inauliza tena. Pengine alikuwa ananipigia saa ileile, anasikia sipatikani, anafikiri nimekasirika.

Kesho yake nilikuwa nafagia ua mama wa Kindu alipotoka kwake anakimbia, kanga imemlegea, simu mkononi.

"Koko! Koko! Njo yeye anapiga!"

Watu wa ua wakatoka wote. Nikaipokea.

"Koko, nimekupigia, nimekupigia! Umenikasirikia?"

"Hapana. Umefika?"

"Tumefika, boti iko ku maji. Tumetoka nayo kidogo. Koko, kulikuwa mvua, sikuona hata mkono wangu, lakini mashine ilionyesha boti ya wavuvi mbele yetu. Nahodha akapinda, tukapita pembeni!"

"Na mutu?" nikamuuliza. "Mutu akianguka ndani ya maji, inamwonyesha?"

Nilisikia upepo kwenye simu.

"Mutu hapana, Koko. Boti tu. Mutu ni mudogo."

"Basi vaa lile jaketi la kuelea. Unasikia? Usilivue hata kula. Usiketi pembeni. Usi..."

Simu ikakatika. Nikaendelea kuishika sikioni. Mama wa Kindu akaipiga tena mwenyewe: hapatikani.

Watu wa ua walikuwa wamenizunguka, wengine na simu zao tayari mkononi.

"Namba, Koko? Amesema namba ngapi?"

Sikuwa nimemuuliza.